Kubadilisha nduthi (pikipiki) ya watu wawili iwe ya mtu mmoja kwenye logibuku (cheti cha usajili): kuna pesa inayookolewa kweli?

#1 Sanduku_Lanet · Jumatatu, saa 1:42 usiku

Wazito, za jioni.

Nina Boxer 150 niliyonunua mkononi mwaka 2021. Ilikuwa boda ya steji moja pale Free Area. Siku hizi sibebi mtu. Napeleka spea za magari kutoka mjini hadi Njoro, Rongai, mara nyingine Molo, na nyuma nimefunga sanduku kwa bolti. Lakini kila nikienda kulipia bima ya thadi pati, wakala ananiambia nduthi yangu iko upande wa abiria, nilipe 4,500 kabla ya tozo. Jirani yangu ana nduthi kama hii hii ya kwenda nayo kazini, analipa 3,000.

Binamu yangu anaishi Brisbane, Australia. Anasema kule watu wanang'oa kiti cha nyuma na vikanyagio vya abiria, nduthi inakaguliwa, usajili unaandikwa upya kuwa wa mtu mmoja, na malipo ya mwaka yanashuka. Nikawaza, mbona hapa tusifanye hivyo? Kuna mtu Nakuru au Kisumu amewahi kubadilisha logibuku isome mtu mmoja? Ilimgharimu ngapi, na bima ilishuka?

#2 Msafiri wa Kondele · saa 1:58 usiku

Haishuki. Nimeuliza Kisumu mwaka jana. Bei inaangalia kazi ya nduthi, haiangalii kiti. Ukisema ni ya kibinafsi unalipa ya kibinafsi, ukisema ni boda unalipa ya boda. Mwambie wakala ukweli wa kazi yako, basi.

#3 Okoa Shilingi · saa 2:05 usiku

Mimi yangu ilishuka. Nilipeleka picha ya nduthi bila kiti cha nyuma, yule dada akaniandikia ya kibinafsi hapo hapo. Hata logibuku hakuitazama.

#4 Msafiri wa Kondele · saa 2:09 usiku

Okoa, hukubadilisha chochote basi. Ulimpata dada mwenye haraka.

#5 Okoa Shilingi · saa 2:11 usiku

Nililipa pungufu au sikulipa pungufu?

#6 Mwalimu Njoro · saa 2:40 usiku

Habari zenu. Kabla hatujafika mbali, tutenganishe mambo mawili ambayo huko Australia yameshikana na hapa kwetu yametengana.

Kule Queensland, ambako Brisbane iko, bima ya lazima ya majeruhi hulipwa pamoja na usajili, na usajili hufanywa upya. Pikipiki zimewekwa madaraja mawili ya bima: ya dereva peke yake na ya kubeba abiria. Ukihama daraja, bili yako ya usajili yenyewe inabadilika. Ndiyo maana mtu anaona inafaa kushika spana.

Hapa Kenya huna ada ya barabara ya kila mwaka kwa nduthi. Leseni ya barabara ya mwaka iliondolewa 2006, tukahamishiwa kwenye mafuta. Ushuru wa kutunza barabara ulipandishwa hadi shilingi 18 kwa lita mwaka 2016, na Julai 2024 ukafika 25. Ule mpango wa kodi ya magari ya asilimia 2.5 kila mwaka, uliokuwa kwenye Mswada wa Fedha wa 2024, uliondolewa. Kwa hiyo hata logibuku yako ikisoma kiti nusu, serikali haikudai pesa ya mwaka ambayo ingepungua. Kinachobaki ni bima tu.

#7 Sanduku_Lanet · saa 2:52 usiku

Asante mwalimu, hapo umenifungua macho. Nilidhani kuna pesa ya serikali pia. Basi ni hiyo tofauti ya 1,500 ya bima.

#8 Karatasi · saa 3:15 usiku

1,506 na senti 75, ukitaka kamili. Juu ya 3,000 unaongezewa tozo ya mafunzo asilimia 0.2, yaani 6, ya mfuko wa fidia asilimia 0.25, yaani 7.50, na stempu 40. Jumla 3,053.50. Juu ya 4,500 ni 9, 11.25 na 40, jumla 4,560.25.

#9 Mwalimu Njoro · saa 3:20 usiku

Karatasi hajawahi kuacha senti ipotee humu ndani. Sanduku, unachoma lita ngapi kwa siku?

#10 Sanduku_Lanet · saa 3:22 usiku

Mbili hivi, siku ya Molo zaidi.

#11 Mwalimu Njoro · saa 3:26 usiku

Lita mbili mara 25 ni shilingi 50 kwa siku. Siku thelathini umelipa 1,500 ya ushuru wa barabara peke yake. Tofauti yote ya bima unayoifukuzia ni mwezi mmoja wa ushuru wa mafuta. Sisemi usiifukuzie, nakuonyesha ukubwa wake.

#12 Fundi Shabab · Jumanne, saa 12:30 asubuhi

Nimewafanyia wateja wanne kazi hii. Upande wa spana si kitu: kiti kirefu kinatoka, unaweka kifupi au unakata fremu ya kiti na kushona upya, vikanyagio vya nyuma vinatoka, mshikio wa abiria unatoka, karia inaingia. Nusu siku. Ila msikate chuma cha chasisi yenyewe. Wapo wanaokata mkia wa fremu ili karia ikae chini, halafu nduthi inapasuka kwenye weldi ikibeba mkebe wa maziwa. Niliunganisha moja ya Bahati mara tatu, ya nne nikakataa.

Karatasi ndizo nzito. Kati ya wale wanne, mmoja tu alienda kubadilisha maelezo. Wengine wanatembea na nduthi ya kiti kimoja na logibuku ya watu wawili.

#13 Babu Subukia · saa 1:10 asubuhi

Vijana, hii si mpya. Maafisa wa kilimo walikuwa na zile Yamaha za AG, zinatoka kiwandani na kiti kimoja na karia ndefu nyuma. Afisa wetu alikuwa haruhusiwi kubeba mtu. Siku ya soko ungemkuta na mama mmoja ameketi juu ya karia na kuku wake. Kiti kimoja hakijawahi kumzuia mtu wa huku kupanda.

#14 Maziwa Mbichi · saa 1:35 asubuhi

Babu ni kweli kabisa.

Mimi niko Molo, nabeba maziwa, kiti kimoja miaka sita. Bima haikuwa sababu. Sababu ilikuwa barabarani. Ukiwa na kiti kirefu unaulizwa helmeti ya pili iko wapi, reflekta ya pili iko wapi, hata kama uko peke yako na mikebe. Tangu niweke karia nzima hadi karibu na mgongo wangu, hakuna anayeuliza ya abiria. Hiyo amani ya asubuhi ina thamani kuliko 1,500.

Logibuku yangu haijabadilishwa. Inasoma abiria 1.

#15 Okoa Shilingi · saa 1:41 asubuhi

Subiri. Yako inasoma 1? Yangu inasoma 2 na ni nduthi ile ile!

#16 Fundi Shabab · saa 1:50 asubuhi

Nimeona zote mbili. Kuna aliyehesabu dereva na kuna ambaye hakuhesabu. Zile za zamani zilizosajiliwa KRA (mamlaka ya ushuru) kabla ya NTSA (mamlaka ya usafiri) kuanza ndizo zimechanganyika zaidi.

#17 Msafiri wa Kondele · saa 2:02 asubuhi

Yangu ni ya mwaka 2019, wakati wa NTSA, na inasoma 1. Kaka yangu tulinunua siku moja duka moja, yake inasoma 2. Kwa hiyo si uzee wa karatasi. Ni aliyejaza siku hiyo.

#18 Sanduku_Lanet · saa 2:10 asubuhi

Nimeitoa kabatini sasa hivi. Yangu inasoma 1. Kwa hiyo kama 1 ni dereva, mimi tayari ni mtu mmoja tangu zamani?

#19 Mwalimu Njoro · saa 2:31 asubuhi

Neno lililoandikwa pale ni abiria, na dereva si abiria. Ningeisoma kwamba 1 ni yule wa nyuma.

#20 Wakala Kisumu · saa 4:05 asubuhi

Salamu. Nauza bima za magari na nduthi, sitataja kampuni. Nitasema ninavyoona kutoka upande wangu wa meza.

Siku hizi vyeti ni vya kidijitali, na nduthi ziko kwenye aina D. Ndani ya D kuna mgawanyo: ya kawaida ya kibinafsi, ya biashara ya mizigo, na iliyoruhusiwa kubeba abiria. Nikikuandikia naulizwa ni ipi. Siulizwi kiti kina urefu gani. Kwa hapo Msafiri (#2) yuko sahihi.

Lakini Sanduku, usifurahie mapema. Wewe unapeleka spea kwa malipo. Wewe si wa kibinafsi, ni wa biashara. Ukiandikiwa ya kibinafsi kwa 3,000 kama jirani yako na umgonge mtu Salgaa ukiwa na sanduku la mteja, mpelelezi wa madai ataanza na hilo sanduku. Okoa, na wewe nakuambia hivyo hivyo.

Bei ya mizigo inatofautiana kati ya kampuni na kampuni. Kuna wanaoiweka karibu na ya boda kwa sababu nyinyi mnakimbia kutwa nzima, na kuna wanaoiweka chini kwa sababu hakuna abiria wa kudai. Ndiyo maana kule Queensland wa kiti kimoja analipa pungufu: abiria wa nyuma karibu kamwe si yeye aliyekosea, kwa hiyo akiumia kuna wa kumdai. Ondoa abiria, umeondoa mdai mmoja.

#21 Karatasi · saa 4:48 asubuhi

Nafanya kazi kwenye ofisi ya mawakili, si wakili. Nyongeza mbili kwa Wakala.

Sura ya 405, ile sheria ya bima ya thadi pati, inalazimisha bima kwa ajili ya watu wengine barabarani. Abiria analazimishwa kukatiwa pale anapobebwa kwa malipo, au kwa sababu ya kazi yake. Rafiki unayempa lifti bure hayumo kwenye ile ya lazima. Ndiyo maana bima ya nduthi ya kibinafsi ni ya bei rahisi hata ikiwa na kiti kirefu: tayari imepigiwa hesabu bila mtu wa nyuma. Kwa jirani wa Sanduku, kung'oa kiti hakungepunguza hata shilingi.

Pili, sheria hiyo hiyo haimruhusu mwenye bima kumkwepa mtu uliyemgonga kwa kusema ulibeba watu kupita idadi. Mtembea kwa miguu analipwa, hadi ile milioni 3 kwa mtu mmoja iliyowekwa mwaka 2006.

#22 Wakala Kisumu · saa 5:02 asubuhi

Nakubali. Lakini malizia: akishalipwa, kampuni inaweza kukurudia wewe ikudai ilichotoa. Nimeona barua hizo.

#23 Karatasi · saa 5:06 asubuhi

Ndiyo, inaweza. Nimeziandika pia.

#24 Sanduku_Lanet · saa 7:15 mchana

Nashukuru sana nyote. Kusema kweli jana asubuhi, kabla sijaandika uzi, nilikuwa nimeshang'oa vikanyagio vya nyuma na kile kiti kirefu nikanunua kifupi cha mkononi. Nilitaka nipige picha kama Okoa. Sasa sijui niendelee.

#25 Shangazi Mumias · saa 7:50 mchana

Mwanangu Sanduku, mimi huwa nasoma tu humu, leo nitaandika.

Ndugu yangu alifanya hivyo hivyo. Nduthi ya kubeba miwa na mbolea, akatoa vikanyagio vya nyuma kwa sababu vilikuwa vinagonga magunia. Akasema habebi mtu tena. Mwaka huo huo binti yake wa miaka tisa alipandwa na homa usiku. Gari hakuna, boda wote wamelala. Akamweka mtoto nyuma kwenye karia juu ya gunia lililokunjwa, mama yake akabaki nyumbani na mdogo. Mtoto hakuwa na pa kuweka miguu. Njiani usingizi ukamshika, mguu wa kulia ukateleza, kisigino kikaingia kwenye spoki.

Walifika hospitali na mambo mawili badala ya moja. Homa ilipona kwa siku tatu. Kisigino kilichukua miezi minne na ngozi ya paja. Anatembea vizuri sasa, lakini havai viatu vya wazi, anasema watoto wanaangalia.

Msiniambie hutabeba mtu. Utabeba. Itakuwa usiku na itakuwa mtu unayempenda. Kiti fanya utakavyo, vikanyagio virudishe.

#26 Maziwa Mbichi · saa 8:03 mchana

Pole sana shangazi. Mimi yangu vilitoka miaka sita iliyopita na sijawahi kufikiria hilo. Mke wangu amepanda karia hiyo zaidi ya mara moja, miguu ikining'inia.

#27 Fundi Shabab · saa 8:20 mchana

Ile kinga ya spoki ya plastiki au waya, inayofunika pembeni ya gurudumu la nyuma, watu wanaitoa kwanza kabisa eti inapiga kelele. Leteni nawarudishia, kazi ya dakika kumi, kwa watu wa uzi huu sitoi bili ya kazi.

#28 Msafiri wa Kondele · saa 8:41 mchana

Fundi, barikiwa.

Na tuseme pia, huko Queensland ambako tumeanzia, kung'oa vikanyagio ni sehemu ya sharti. Mtu asipokuwa na pa kukanyaga haruhusiwi kubebwa, na watu wanafuata. Hapa kanuni hiyo hiyo inazaa kisigino cha mtoto. Kitu kimoja, nchi mbili.

#29 Mwalimu Njoro · saa 9:00 alasiri

Sheria yetu inaruhusu abiria mmoja tu kwa nduthi, naye avae helmeti na jaketi ya kuakisi. Tukishindwa hata hilo la mmoja, na tunaona watatu wanne kila siku, sioni mtu akiheshimu sifuri.

#30 Okoa Shilingi · saa 9:12 alasiri

Nimesoma yote. Ya shangazi nimeisoma mara mbili. Bado nauliza swali la uzi: kuna aliyebadilisha logibuku, akafika mwisho?

#31 Fundi Shabab · saa 9:30 alasiri

Yule mteja wangu mmoja. Aliomba kwenye akaunti yake ya eCitizen, maana TIMS, ule mfumo wa zamani wa NTSA, ilihamishiwa huko 2023. Akaambiwa apeleke nduthi ikaguliwe. Mkaguzi akaangalia chasisi na injini, akamuuliza kwa nini anataka hivyo. Akajibu ni ya mizigo. Baadaye logibuku ikatoka imebadilishwa rangi tu, kwa sababu alikuwa ameipaka pia. Idadi ya watu ilibaki vile vile. Hakurudi kuuliza.

#32 Wakala Kisumu · saa 10:04 alasiri

Mimi nina mteja Ahero ambaye yake ilibadilika kweli. Lakini ilikuwa ya matairi matatu, si nduthi, kutoka tuktuk ya abiria kuwa ya mizigo na bodi nzima ilibadilishwa. Bima yake ilihamia mizigo. Ilishuka, ila siwezi kusema ni logibuku au ni mimi niliyemhamisha.

#33 Karatasi · saa 10:15 alasiri

Sura ya 403, yaani Sheria ya Trafiki, inamtaka mwenye chombo atoe taarifa maelezo yaliyosajiliwa yakibadilika, kwa hiyo kubadilisha ni sahihi hata kama haiokoi kitu. Na Sanduku, swali muhimu ambalo hatujakuuliza: logibuku ni yako peke yako? Nduthi nyingi za boda zimechukuliwa kwa mkopo na mkopeshaji yumo kwenye logibuku. Bila yeye kukubali hubadilishi hata nukta.

#34 Sanduku_Lanet · saa 11:20 jioni

Aliyeniuzia alikuwa amemaliza mkopo. Jina ni langu peke yangu.

#35 Babu Subukia · saa 12:45 jioni

Na ukishaiandika ya mtu mmoja, utamuuzia nani? Mnunuzi wa nduthi huku ni kijana wa steji. Ataona mtu mmoja kwenye karatasi, atakukata bei kuliko hizo 1,500 zako za miaka mitano.

#36 Maziwa Mbichi · saa 1:05 usiku

Babu, mtu wa maziwa angeinunua. Tuko wengi kuliko mnavyodhani, kuanzia hapa Molo hadi Mau Summit.

#37 Msafiri wa Kondele · saa 1:30 usiku

Jamani mnajua neno boda lenyewe lilizaliwa Busia? Watu wakivushwa kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka, na zile baiskeli zilikuwa na karia iliyowekewa mto wa kukalia. Yaani tulianza kwa kugeuza karia ya mizigo iwe kiti cha mtu. Leo Sanduku anarudi kinyume.

#38 Shangazi Mumias · saa 1:44 usiku

Mimi nimepanda hizo za Busia. Mto ulikuwa mwekundu wenye nyuzi za kuning'inia, na walikuwa wamechomelea vikanyagio.

#39 Okoa Shilingi · Jumatano, saa 2:10 asubuhi

Nimempigia yule dada wa bima yangu. Nimemwambia napeleka gesi ya kupikia kwa wateja, anibadilishie iwe ya mizigo. Ameniambia nisubiri bei. Wakala Kisumu, umenigharimu, lakini asante.

#40 Wakala Kisumu · saa 2:25 asubuhi

Pia angalia leseni yako ya udereva. Daraja A2 ni ya pikipiki ya kawaida. Wa teksi za pikipiki na wapeleka mizigo wanatakiwa A3. Hilo linawapata wengi zaidi ya kiti.

#41 Sanduku_Lanet · Ijumaa, saa 12:50 jioni

Wazito, nirudi na nilichopata.

Nimeenda kwa mawakala watatu mjini Nakuru. Wa kwanza amesema bila logibuku kubadilishwa nabaki boda, 4,500. Wa pili hakutaka hata kuona logibuku, amenipa bei ya mizigo 3,800. Wa tatu amesema mizigo kwake ni 4,500 ile ile, kiti kiwepo kisiwepo. Nilipomwambia wa kwanza habari za wa pili, amesema wa pili anakosea. Wa pili naye anasema wa kwanza hajui mfumo mpya.

Leseni yangu ni A2. Wakala Kisumu, hilo sikulijua, nitalishughulikia kwanza.

Logibuku sijaigusa bado.

#42 Karatasi · saa 1:02 usiku

Tofauti ya 3,800 na 4,500 ukiweka asilimia ni 703 na senti 15.

#43 Shangazi Mumias · saa 1:20 usiku

Na vikanyagio?

#44 Sanduku_Lanet · saa 1:26 usiku

Nilivirudisha Jumanne ile ile jioni, shangazi. Fundi Shabab ameniwekea na kinga ya spoki, akakataa pesa yangu kama alivyosema. Kiti kifupi ndicho kimebaki, na sanduku.

#45 Maziwa Mbichi · saa 1:40 usiku

Kile kirefu unauza? Nataka nikikate nipate kipande cha nyuma, nikiweke juu ya karia siku nikiwa na mke wangu. Vikanyagio vyangu nimevitafuta stoo, nimekipata kimoja.

#46 Sanduku_Lanet · saa 1:47 usiku

Ni cha Boxer 150, hakijapasuka popote. Nipe hadi wiki ijayo niamue ya logibuku, halafu nikiletee Molo nikija na spea.